Mjane hakupiga kura

Mwaka 1901, huko South Dakota, mwanamume mmoja aliyeitwa Mixer alipewa cheti na Modern Woodmen of America. Usidanganywe na jina. Hawakuwa wapasua mbao, ingawa nembo yao ilikuwa na shoka, nyundo ya mbao na kabari. Kwa lugha yetu kilikuwa chama cha kufa na kuzikana, ila kikubwa kuliko chochote tunachokijua huku, kimeandikishwa Illinois na kina matawi hadi kwenye miji midogo isiyo hata na stesheni. Ukifa, mkeo anapeleka cheti, analipwa.

Mixer hakufa. Alitoweka. Hakuna barua, hakuna aliyemwona sokoni wala njiani. Mkewe alikaa miaka kumi, kisha akaenda mahakamani Nebraska kudai, akitegemea kanuni ya zamani kwamba mtu asiyesikika kwa miaka 7 ahesabiwe amekufa. Chama kikamfungulia kanuni zake na kumwonyesha kifungu kilichopitishwa mwaka 1908, wakati mumewe ni mwanachama tayari: aliyepotea hahesabiwi kufa mpaka miaka yote ambayo jedwali la vifo linamkadiria kuishi iwe imekwisha. Yaani mama wa watu asubiri mpaka mumewe azeeke kwenye karatasi.

Mahakama za Nebraska zilisema kifungu hicho hakina akili, mama alipwe. Mwaka 1925 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatengua. Jaji Holmes aliandika kwamba kujiunga na chama cha namna hii ni zaidi ya mkataba; ni kuingia kwenye uhusiano wa kudumu, mfano wa ndoa, na kama ndoa inavyofuata makazi, uanachama unafuata sheria ya jimbo lililokizaa chama. Sheria ya Illinois ikatawala.

Kesi hii nimeisoma mara nyingi kuliko inavyompasa mtu ambaye si mwanasheria. Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana hapa Morogoro, wanachama 41, na mwaka juzi nilikuwa upande wa Modern Woodmen.

Mwenzetu mmoja, fundi pikipiki, alifariki akiwa na deni la miezi minne. Katiba yetu, kifungu cha 9, ambacho nilikiandika kwa mkono wangu, inasema asiyelipa miezi mitatu mfululizo "amejifuta mwenyewe". Mkewe alikuja baada ya kuanua tanga, kadi ya marehemu ikiwa ndani ya mfuko wa rambo pamoja na kitambulisho na cheti cha kifo. Kamati ilikaa chini ya mwembe wa mwenyekiti, hata dakika ishirini hazikufika. Katiba ni katiba, tukasema. Nilinyoosha mkono na mimi. Tukamchangia rambirambi kidogo kama majirani, akashukuru, akaondoka.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kusoma, kwanza nikitafuta mfano wa katiba nzuri, halafu nikitafuta sababu ya kutolala.

Wamarekani walianza hivi vyama mahali tulipoanzia sisi. Mwaka 1868, Meadville, Pennsylvania, fundi wa reli aliyeitwa John Jordan Upchurch alianzisha Ancient Order of United Workmen. Mwanachama akifa, kila aliyebaki anatoa dola 1, familia inapewa. Hakuna kampuni, hakuna wakala, hakuna faida ya mtu. Kwa watu weusi jambo hili lilikuwa na uzito zaidi, maana mwaka 1881 kampuni ya bima ya Prudential ilipunguza mafao yao kwa theluthi moja huku ada ikibaki ileile. Wakajitengenezea vyao. True Reformers wa Richmond, Virginia, walifika hadi kufungua benki yao mwaka 1889, nayo ikaanguka mwaka 1910. Sisi wa VICOBA tunaposikia habari hizo tunatikisa kichwa kama tunaosimuliwa ndoto yetu wenyewe.

Mgogoro unaanzia kwenye kile kikaratasi. Kampuni ya bima inatoa hati, na mkataba wako unakaa ndani ya hati hiyo. Chama kinatoa cheti, na cheti ni kipande tu cha mkataba. Vipande vingine ni fomu uliyojaza siku ya kuomba, katiba, kanuni ndogo, pamoja na mabadiliko yote yatakayofanywa baada yako. Hati ya kampuni ni nyumba uliyonunua. Cheti cha chama ni chumba kwenye nyumba ya ukoo: ukoo ukikaa kikao, ukuta unahamishwa nawe umelala.

Mahakama za kule zimejaa watu waliohamishiwa ukuta. Kuna wake waliofungia cheti sandukuni ili mume asibadilishe mnufaika, kwa sababu kanuni zilitaka cheti cha zamani kirudishwe kwanza ndipo kipya kitolewe. Mume akifa, wanawake wawili wanafika kortini, mmoja ana karatasi, mwingine ana barua ya marehemu. Kuna wachumba walioandikwa kuwa wanufaika, chama kikasema mchumba si jamaa. Kuna waliojiunga wakiwa wakulima wakaishia kufungua baa, kazi iliyokatazwa na vyama vingi.

Ipo moja inayonichekesha na kunikasirisha kwa pamoja. Woodmen of the World, wa Omaha, waliwauzia watu wa Missouri vyeti vilivyoandikwa pembeni kwamba malipo yatakoma baada ya miaka 20. Bwana Bolin akalipa miaka 20, akaacha, akafa. Warithi wake walipodai, chama kilisema: "Kifungu kile hatukuwa na mamlaka ya kukipitisha, na mahakama ya Nebraska, nyumbani kwetu, imekwisha kutamka hivyo." Walijitetea kwa kosa lao wenyewe, na mwaka 1938 Mahakama ya Juu ikawapa haki.

Sasa, kesi ya Green ni tofauti, na najua wasomaji wengine watanishangaa. Samuel Green alijiunga na Royal Arcanum, chama cha Massachusetts, mwaka 1883, akiwa New York. Mwaka 1905 chama kilipandisha michango, naye akakataa: nilijiunga kwa kiwango kile, mtanilipisha kile. Mahakama za New York zilimuunga mkono. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ilimgeuzia kibao, ikasema mahakama ya Massachusetts ilikwisha kuamua kwamba ongezeko ni halali, na jimbo lingine liheshimu hukumu hiyo.

Hapo nipo na mahakama. Kila aliyewahi kushika daftari la chama anaijua hesabu hii. Mwanzoni wote ni vijana, vifo viwili kwa mwaka, mchango ni kama sadaka. Miaka inakwenda, walewale wamezeeka, misiba inafuatana, kijana anayetaka kujiunga anaona analipa mazishi ya wazee asiowajua, anakwenda kwingine. Wanaobaki wanalipa zaidi. Mchango wa mwaka 1883 haulipi vifo vya mwaka 1905, na Green akilipa kidogo, pengo linazibwa na mwenzake wa Boston. Chungu ni kimoja. Huwezi kula udugu wakati wa neema halafu ukadai umteja siku ya shida.

Tena Green alikuwa mwanachama. Alikuwa na tawi, alikuwa na kikao, angeweza kusimama na kubisha. Kama alishindwa kwa kura, alishindwa na ndugu zake waliobeba mzigo uleule.

Bi. Mixer hakuwa na kikao. Modern Woodmen ilikuwa chama cha wanaume; wanawake walikuwa na chao pembeni, Royal Neighbors of America. Kile kifungu cha mwaka 1908 kilimhusu nani? Aliyepotea hana la kudai. Kilimhusu mke anayebaki, na mke ndiye pekee ambaye mlango wa kikao ulikuwa umefungwa mbele yake. Kupandisha mchango ni kujitwisha mzigo wenyewe kwa wenyewe. Kupitisha kanuni ya namna ya kumkatalia mjane ni kumtwisha mtu ambaye hayumo chumbani.

Mwenyekiti wetu, niliyemweleza haya kwenye kahawa, alinijibu kwa upole wake: "Katibu, mgeni haji na haki kubwa kuliko ya mwenyeji wake." Ana maana mjane anapata kile alichokuwa nacho mumewe, basi. Ni hoja nzito, nami sijaipuuza. Lakini mume mwenyewe katika vyama vile alipiga kura ya nini? Tawi lilituma wajumbe jimboni, jimbo likatuma wajumbe mkutano mkuu, na mkutano mkuu ukarudisha kitabu cha kanuni ambacho fundi viatu wa South Dakota hakukifungua mpaka anakufa. Hata sisi 41, mkinihoji nani amesoma kifungu cha 9, nitahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na wawili kati yao tulikiandika.

Kesi iliyonikaa rohoni zaidi ni ya mwaka 1947, kwa sababu kidogo tu ingekwenda kwingine. Order of United Commercial Travelers, chama cha Ohio cha mawakala wa biashara wanaosafiri, kilikuwa na kifungu kwamba dai likikataliwa, mdai ana miezi 6 tu ya kufungua kesi. Marehemu alikuwa mkazi wa South Dakota, na sheria ya South Dakota ilisema wazi kwamba masharti ya kumpunguzia mtu muda wa kushtaki ni batili. Muda wa jimbo ulikuwa miaka 6. Dai likafikishwa mahakamani miezi 6 ikiwa imepita, miaka 6 haijafika. Majaji watano wa Mahakama ya Juu walisema katiba ya chama na sheria ya Ohio vitangulie. Wanne wakapinga, Jaji Black ndiye aliyeandika kwa niaba yao. Mimi ni wa kura ya tano iliyokosekana.

Muda wa kushtaki unahusiana nini na chungu cha pamoja? Mchango ukitofautiana kati ya Ohio na South Dakota, chama kinaweza kufa, hilo nalielewa. Lakini mjane akipewa muda wa kuzika, kulia, kutafuta karatasi na kupata wakili, ni ndugu gani anapungukiwa? Hapo neno udugu limetumika kama kufuli. Chama kilichokwenda kuuza vyeti South Dakota kilipaswa kubeba na sheria ya South Dakota.

Mambo haya hayajazikwa na miaka ya 1940. Vyama vya namna hii kama Knights of Columbus na Thrivent bado vipo, na ni taasisi kubwa za fedha. Vyeti vya leo mara nyingi vinasema akiba ya chama ikiyumba, wanachama wanaweza kutakiwa kuongeza fedha, na katika majimbo mengi vyama hivi havimo kwenye mifuko ya dhamana inayowaokoa wateja wa kampuni zilizofilisika. Vingine vinataka ugomvi umalizwe kwa usuluhishi badala ya korti. Mtu akijua hayo na akaweka sahihi, sina neno. Namwonea huruma yule anayedhani ameshika hati ya bima.

Kuna aina moja ya kesi nimeiacha makusudi mpaka hapa, kwa sababu ndiyo yangu. Katibu wa tawi anapokea michango iliyochelewa. Mwezi huu siku tano, mwezi ujao siku ishirini, safari nyingine miezi mitatu kwa mkupuo. Anapokea, anatoa risiti, anacheka, anauliza hali za watoto. Mwanachama anakufa katikati ya ucheleweshaji, na makao makuu yanasema: alikwisha kusimamishwa tangu siku ya kwanza, moja kwa moja, bila barua. Mahakama nyingi za majimbo ziliwatetea wajane hapo. Zilisema ukimzoesha mtu kwamba kuchelewa hakuna neno, huwezi kulikumbuka neno siku amekufa. Vyama vikajibu kwa kuomba mabunge yapitishe sheria kwamba hakuna katibu wa tawi anayeweza kulegeza katiba kwa tabasamu lake.

Fundi wetu alinilipa kwa kuchelewa miaka miwili. Fedha ziliingia kwenye simu yangu, mara nyingi usiku, na ujumbe mmoja: "Katibu nisamehe, kazi zilikuwa ngumu." Nilikuwa najibu "Usijali kaka." Ujumbe huo bado ninao, mara tisa.

Mkutano wa mwaka ni Januari. Nimeandika mapendekezo mawili: hakuna kujifuta bila taarifa kwa mwanachama na kwa mtu aliyemwandika kuwa mnufaika, na lile shauri la mwaka juzi lifunguliwe upya, mama mwenyewe akiwepo kikaoni. Mwenyekiti amesema la kwanza litapita na la pili litaleta kelele.

Nitakwenda na daftari. Jina la fundi lina mstari wa kalamu nyekundu, ule wa kuonyesha amejifuta mwenyewe, na pembeni niliandika tarehe kama ninavyofanya siku zote. Ni siku mbili baada ya mazishi yake.