Nipate Sita Nitoke

"Baba, sasa tufanye nini?" Swali hili nimeulizwa hivi punde na kitinda mimba wangu, kabla hata sijakaa vizuri baada ya kulijibu mara ya mwisho, na ninaomba nieleweke kwamba sina ugomvi na mtoto. Ugomvi wangu ni na cheo. Hakuna kikao kilichonichagua kuwa mtumbuizaji mkuu wa nyumba hii wala kiapo nilichokula, lakini tangu tukwame humu ndani, kila anayepiga mwayo hunikodolea macho mimi, kana kwamba mwayo wenyewe nimeuagiza mimi.

Tumejaribu mchezo wa kujificha. Kwa kuwa kila uvungu wa nyumba hii unajulikana, mchezo uliisha upesi kwa wote isipokuwa mama watoto, aliyejificha bafuni, akapiga komeo, na hakutoka hata tulipotangaza kwamba ameshinda. Karata pia zipo, lakini kisanduku kinachostahili kuwa nazo 52 kina pungufu, na kila raundi huishia kwa watu kupekuana mifuko. Fumbo la vipande nalo tulilishusha kabatini. Mwingereza John Spilsbury, alipokuwa akikata ramani zilizobandikwa juu ya mbao katika miaka ya 1760 ili watoto wajifunze jiografia kwa kuziunganisha, naamini aliziuza zikiwa na nchi zote. Fumbo letu ni farasi asiye na uso.

Ikabaki ludo, nayo nitaizungumzia kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyonivunjia heshima. Mchezo huu ulipewa hataza Uingereza mwaka 1896, ila asili yake ni pachisi ya India, na inasimuliwa kwamba Mfalme Akbar aliucheza uani kwake Fatehpur Sikri akiwatumia watu kama kete. Mimi sina ua wa kifalme. Nina ubao uliopasuka katikati, kete tatu za njano, na kifungo cha shati langu kinachokaimu nafasi ya kete ya nne. Hayo nayavumilia. Nisilolivumilia ni sharti la kwanza la mchezo, kwamba kete haitoki nyumbani mpaka dadu likuonyeshe sita. Yaani watu wamefungiwa ndani, wanatafuta cha kuwasahaulisha kwamba wamefungiwa ndani, na wanaona la maana ni kucheza mchezo wa kufungiwa ndani!

Nilitupa, nikapata mbili. Nikatupa tena, nikapata nne, na sita ikaendelea kunikimbia mpaka binti yangu mkubwa, aliyejaliwa hesabu kuliko huruma, akanifariji kwamba kutupa dadu mara 10 bila kuiona sita hata moja si ajabu, kwani uwezekano wake ni takriban asilimia 16. Nilimshukuru. Wakati huo mama mkwe alikwisha kutoa kete zake zote nne, ingawa yeye hulitupia dadu kiganjani, hulichungulia, hutamka "sita" kwa utulivu mkubwa, kisha hulikabidhi kwa anayefuata kabla jicho lingine halijaliona. Ni mkwe gani atakayethubutu kusema, "Mama, hebu tuone"?

Ndipo nilipolirusha dadu kwa nguvu za mtu aliyedhulumiwa, likavuka zulia na kuingia chini ya kabati. Mwanangu wa kati akateuliwa kuwa mwangalizi huru, akalala kifudifudi na tochi ya simu, kwa sharti kwamba asiguse kitu. Akatangaza kutoka huko kwamba upande wa juu hauoni, ila upande unaomtazama ni nne na wa ubavuni ni mbili. Sasa, kwenye dadu pande mbili zinazoelekeana hujumlika kuwa 7, kwa hiyo tatu na tano zilikuwa zimeelekea ukutani na ubavu wa pili, na juu palibakiwa na moja au sita tu. Nilisimama wima. Nikaieleza familia, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata kazini, kwamba haki inadai tuhesabu sita. Binti akajibu kwamba ni nusu kwa nusu, na nusu haitoi kete. Mama mkwe akasema kwamba zamani dadu likitoka nje ya ubao lilikuwa halihesabiki, na nilipouliza ni zamani ipi hiyo, kutoka bafuni kilisikika kikohozi ninachokifahamu vizuri. Tukiwa bado tunabishana, kitinda mimba akalivuta dadu kwa ufagio, likabingirika hadi katikati ya zulia, likaonyesha moja, na mahakama nzima ikaamua papo hapo kwamba hilo sasa linahesabika.

Jamani! Mtu mzima, mwenye familia, nasubiri kibali cha kijidude cha plastiki ili nihamishe kifungo cha shati langu mwenyewe!

Kesho tumepangiwa maigizo, nami nimepewa nafasi ya mti. Nimeuliza kama mti huo una maneno ya kusema, nikajibiwa kwamba hauna, na kwamba ndiyo maana nimepewa mimi. Nimekubali, isipokuwa suala la vazi bado tunalijadili, kwa sababu shuka la kijani wanalotaka kunifunga nalo ndilo ninalolalia, na mama mkwe ameshatamka kwamba mti ukivaa shuka jeupe yeye hatazami.