Tuwaachie watoto hata ahadi ambazo hazijatimia

Kitabu cha Mwanzo kinaishia kwenye sanduku la maiti. Yusufu amefariki akiwa na miaka 110, amepakwa dawa asioze, kisha akawekwa ndani ya sanduku huko Misri. Kabla ya kukata roho aliwaapisha ndugu zake kwamba Mungu atakapowajia, waondoke na mifupa yake.

Kwangu mimi hili ndilo somo zito kuliko yote kuhusu kurithisha imani, ingawa kwenye mafundisho ya malezi hatulisikii sana. Yusufu hakukosa ushuhuda. Alitupwa shimoni, akauzwa, akafungwa gerezani, mwisho akawa mkubwa Misri baada ya Farao. Angeweza kuwaachia wajukuu masimulizi hayo, na yangetosha kabisa. Lakini alichowakabidhi ni jambo ambalo lilikuwa halijatokea, tena akawapa na kazi ya kufanya siku likitokea. Nawaza mtoto aliyezaliwa utumwani akiuliza, "Kwa nini babu hajazikwa?" Huwezi kumjibu bila kuitaja nchi ambayo Mungu alimwapia Ibrahimu.

Vizazi vikapita. Usiku wa kutoka Misri, watu wakiwa wamebeba unga uliokandwa ambao haujatiwa chachu, Musa aliichukua ile mifupa (Kutoka 13:19). Ikazunguka nao jangwani miaka 40. Hatimaye ikazikwa Shekemu, katika kiwanja ambacho Yakobo alikinunua kwa vipande 100 vya fedha. Kati ya waliomzika Yusufu hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona.

Sisi tunarithisha nini? Mara nyingi ni makatazo, mistari ya kukariri, na shuhuda ambazo mwisho wake unajulikana: tuliomba, tukapata. Si vibaya. Ila yale tunayoyaombea mwaka baada ya mwaka bila kuona kitu, hayo tunayanong'ona chumbani mlango ukiwa umefungwa. Mtoto anakua akidhani baba na mama hujibiwa papo hapo. Zamu yake ya kungoja ikifika, anajiona yeye ndiye mwenye kasoro, au anaona Mungu wa wazazi wake si wake.

Zaburi ya 78 haina aibu hiyo. Inaanza kwa kuagiza kwamba watoto wasifichwe matendo ya Bwana, halafu papo hapo inaanika ukaidi wa mababa, pamoja na wana wa Efraimu waliokuwa na pinde mikononi wakageuka nyuma siku ya vita. Hiyo nayo ni sehemu ya urithi.

Najua kuna mzazi atakayesema, "Nikimweleza mwanangu kwamba hili bado, atavunjika moyo." Pengine. Lakini Waebrania 11 inawataja Ibrahimu na wenzake kuwa walikufa bila kuzipokea ahadi, wakaziona kwa mbali na kuzishangilia, na mwandishi hakuona haja ya kulificha hilo kwa wasomaji waliokuwa wameanza kuchoka. Ibrahimu mwenyewe, katika nchi yote aliyoahidiwa, ardhi aliyoinunua ikawa milki yake ni shamba lenye pango la Makpela, kwa shekeli 400 za fedha, apate mahali pa kumzika Sara. Isaka alilijua hilo, maana yeye na Ishmaeli ndio waliomzika baba yao humo humo.