Dodoso la Julai haliijui Bagamoyo

Kila vyuo vikifunga, barua za wanafunzi wa fildi huanza kumiminika Bagamoyo. Wa ustawi wa jamii, wa mipango, wa sosholojia, wa uchumi: kila mmoja ana mada yake, na mada zenyewe ni ndugu. Umaskini wa kaya, wanawake katika uvuvi, TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), mikopo ya halmashauri. Nia ni njema, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni wa kalenda. Kipato cha watu wa pwani hupanda na kushuka kwa mwezi, kwa maji na kwa upepo, na dodoso lililojazwa wiki tatu za Julai limepima wiki tatu za Julai, basi.

Tuanze na dagaa. Huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu taa humvuta dagaa pale ambapo hakuna mwanga mwingine wa kushindana nao. Mbalamwezi ikishakomaa, vyombo vya dagaa hukaa pwani siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu. Wanaosimama si mabaharia peke yao. Anasimama mama anayechemsha dagaa kwa maji ya chumvi na kuanika, anasimama mbeba ndoo, muuza kuni, na mama ntilie aliyekuwa akiwauzia chai alfajiri. Sasa mwulize yule mama, "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Ukimkuta katikati ya giza atakutajia hesabu ya mnada wa jana. Ukimkuta mbalamwezi atakuambia hana kitu. Mara zote mbili amesema kweli, ila wewe umeandika kaya mbili tofauti.

Mwani una saa yake nyingine. Mlingotini, kijiji cha Bagamoyo, wakulima wa mwani huingia kazini kwenye bamvua, maji yakitoka mbali kiasi cha kufikia kamba. Maji mafu yakija, shamba limefunikwa na kazi inabaki ile ya nyumbani ya kufunga mbegu na kukausha. Tangu kufunga mbegu hadi kuvuna ni kama wiki sita, na maji yakizidi joto mwani hulegea na kukatika kabla ya siku yake. Swali la "mapato ya mwezi uliopita" kwa mkulima ambaye mwezi uliopita hakuvuna ni swali la bure.

Juu ya yote hayo kuna upepo. Kusi hukaza hasa Juni hadi Agosti, na ngalawa na mitumbwi midogo hukaa siku nyingi bila kutoka. Huo ndio msimu wa fildi. Kwa hiyo maktaba za vyuo zimejaa tasnifu za kusi, na kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, karibu haina shahidi. Januari nayo hakuna anayeiona, wakati ndio mwezi wa sare, madaftari na viatu. Elimumsingi bila ada ilianza 2016, lakini sare bado zinanunuliwa.

Linganisha na wanavyofanya wenye kazi yao. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ulikusanya takwimu kwa miezi 12, Desemba 2017 hadi Novemba 2018, ili kila msimu uingie, na umaskini uliupima kwa matumizi, si kwa kipato cha kuulizwa mdomoni. Ndio uliotupa asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walio chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, kutoka asilimia 28.2 ya 2011/12. Mstari wenyewe ulikuwa Sh 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, yaani kama Sh 1,640 kwa siku. Wanafunzi huuchukua mstari huo mzima mzima na kuupachika kwenye takwimu zao za leo. Makosa mawili hapo: bei ni za wakati ule, na hesabu ni ya "mtu mzima" ambamo mtoto huhesabiwa pungufu. Ukigawa matumizi ya kaya kwa idadi ya vichwa tu, nyumba yenye watoto wengi itaonekana maskini kuliko ilivyo.

Mwanafunzi hana miezi 12, najua, wala hela ya kukaa. Lakini mwezi mmoja wa mbinguni anao. Aende kaya zilezile mara mbili, giza mara moja na mbalamwezi mara moja, hata kama itabidi kaya zipungue kutoka 60 hadi 30. Kaya 30 zilizoulizwa mara mbili zina thamani kuliko 60 zilizoulizwa mara moja. Msimamizi atakayelalamika kwamba sampuli ni ndogo aonyeshwe tofauti ya namba mbili za nyumba moja.

Maswali nayo yabadilike. "Jana mlipika nini? Unga mlinunua kiasi gani, kwa taslimu au mliandikisha dukani?" Hayo mtu anayajibu bila kukisia. Daftari la madeni la muuza duka ndilo kipimo kizuri kuliko vyote mtaani: deni hupanda mbalamwezi, hushuka giza. Ukiruhusiwa kulitazama, andika tarehe na kiasi tu. Majina yaache palepale.

Kuhusu kuingia kijijini. Barua ya chuo hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na mkoa wa Pwani makao yake ni Kibaha, kisha wilayani, kisha kwa Mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tenga muda wa hilo. Wengi hupoteza wiki nzima kwa kushuka Bagamoyo kabla ya kupita Kibaha. Taabu kubwa zaidi huja baada ya barua kukubaliwa. Mwenyekiti, kwa ukarimu wake, atakutembeza mwenyewe, na atakupeleka kwa watu anaoelewana nao, waliokaa karibu na njia, wanaojua kuongea na wageni. Mshukuru, halafu omba daftari la wakazi. Kama lina kaya 300 na unataka 30, piga kura ya namba kati ya 1 na 10, anzia hapo, kisha chukua kila ya kumi. Nyumba isiyo na mtu irudie jioni, usiruke kwa jirani, kwa sababu asiyekuwepo saa nne asubuhi ndiye aliyeko pwani anakaanga samaki, na ndiye uliyemfuata.

Daftari halina kila mtu. Wapangaji wa chumba kimoja mara nyingi hawamo, na wavuvi wa dago, wanaohama na msimu na kulala kwenye mabanda ufukweni, hawamo kabisa. Hao watafutwe kwa njia yao, penye vyombo.

Na usishangae ukiulizwa, "Mnaandikisha nini?" Watu wameshaona madodoso. TASAF huanza na mkutano wa kijiji unaotaja kaya maskini, kisha huja watu wa kujaza fomu nyumba kwa nyumba, ukuta wa nini, paa la nini, choo gani, kisha kompyuta inapiga hesabu na orodha inarudi mkutanoni. Fomu yako inafanana na ile. Mwenye kutumaini ruzuku ataficha godoro na mbuzi. Mwenye kuogopa ushuru ataficha biashara. Sema mapema, kwa sauti, mbele ya watu wote na si chemba, kwamba hakuna anayeandikishwa msaada. Na usimwache mwenyekiti amekaa pembeni unapouliza.

Hapa kuna jambo linalonikera kuliko kalenda. Mada inasema "umaskini na kutokuwa na usawa", halafu wote wanaohojiwa ni maskini. Usawa unapimwaje kwa upande mmoja? Nenda kaulize mgawo. Chombo kikirudi, kwanza hutolewa gharama za safari, mafuta, barafu, chakula. Kinachobaki hugawanywa: fungu la chombo na nyavu, fungu la nahodha, fungu la mabaharia. Viwango hutofautiana chombo na chombo, kwa hiyo usiulize "kwa kawaida", uliza safari ya mwisho. Siku mbaya gharama hukatwa kamili na baharia hurudi na samaki wa mboga. Kisha uliza nani alimkopesha mama wa dagaa hela ya mnada, na kama amefungwa kumuuzia huyohuyo kwa bei yake. Kurasa mbili za hesabu hiyo zitaeleza tofauti ya kipato kuliko majedwali 20 ya umri na elimu ya mhojiwa.

Sera pia ifuatwe hivyohivyo, kwa miguu. Chukua mikopo ya asilimia 10. Halmashauri hutenga asilimia hiyo ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisitishwa Aprili 2023, ikarudi katika mwaka wa fedha 2024/25. Sehemu ya mapato hayo ni ushuru unaokatwa kwa mashine palepale soko la samaki. Kwa hiyo unaweza kusimama mnadani asubuhi, uone ushuru ukitoka kwa mama, kisha uende kwa afisa maendeleo ya jamii uulize umerudi kwa vikundi vingapi vya akina mama hao. Halafu uliza rejesho. Kikundi cha mwani kikianza kudaiwa kabla ya wiki sita kwisha, kitalipa kwa hela ya kukopa kwingine. Na kwingine huko ni kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, wenye rejesho la kila siku au kila wiki, ambao mbalamwezi haiwahusu. Pendekezo la tasnifu liwe la namna hiyo: rejesho la kwanza liwe baada ya mavuno, la wauza dagaa liangukie giza. Mapendekezo ya "serikali itoe elimu ya ujasiriamali" yametosha. Akina mama hawa wanapiga hesabu ya faida mnadani kabla mwanafunzi hajafungua kalamu.

Mwisho kabisa ni kurudisha. Tasnifu huandikwa Kiingereza na kufungwa jalada gumu. Kijiji hakihitaji jalada. Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili, namba tano au sita, usiokuwa na jina la mtu wala nyumba inayotambulika, umpe mtendaji ausome kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Nakala nyingine iende kwa afisa maendeleo kabla ya Desemba. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na halmashauri hupanga bajeti miezi kadhaa kabla. Ukingoja hadi tasnifu ipitishwe chuoni, bajeti itakuwa imeshapita.