Pimamaji

Naanza na hesabu, maana ndiyo iliyoniponza. Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ya paa, unapata lita 1 ya maji. Paa letu lina mita 50 za mraba. Kwa hiyo mvua ya milimita 20, ile ya kukukuta njiani ukafika nyumbani umelowa na umenuna, inashusha lita 1,000. Bure! Nilipoipata hesabu hiyo sikulala. Nilimwamsha mke wangu nikamweleza. Asubuhi nikawaeleza watoto. Mchana, kwa kukosa wasikilizaji, nikamweleza mbuzi, naye peke yake ndiye aliyenisikiliza hadi mwisho. Baadaye nikaja kuona kwamba alikuwa anatafuna karatasi ya hesabu yenyewe.

Hapo tulikuwa, yaani nilikuwa, nimeshaamua kwamba nyumba yetu itajitegemea kwa kila kitu. Sabuni tulishatengeneza, haikuganda, bado iko kwenye ndoo nyuma ya nyumba na hakuna anayethubutu kuifunua. Kuku tulishamwatamisha. Kuatamia ni siku 21, lakini mimi nilikuwa nayamulika mayai kwa tochi kila usiku kuona maendeleo, na siku ya 9 kuku akainuka, akajikung'uta, akaniachia kiota. Mke wangu aliniomba kwa upole nipumzike kidogo kujitegemea.

Lakini maji, jamani!

Nilitafuta mapipa 5 ya lita 200. Nikajenga jukwaa la mbao lenye urefu wa mita 2, juu ya nguzo 4, ubavuni mwa nyumba. Nililiita mnara. Maji yanahitaji kimo ili yateremke kwa nguvu: kimo cha mita 10 ndicho kinachokupa msukumo wa bar 1. Mimi nilikuwa na mita 2, nikasema si haba. Mapipa niliyaunganisha kwa mabomba ili yajae pamoja, nikafunga gata kwenye ukingo wa paa, na chini ya mnara nikazungushia mabati yanayofika mabegani. Hilo ndilo bafu. Juu yake nikaning'iniza kopo nililolitoboa kwa msumari. Bomba la mvua! Na safari hii si jina tu, mvua yenyewe ndiyo ingetoka humo.

Mashimo ya nguzo nilichimba kiangazi. Ardhi ilikuwa ngumu kiasi kwamba jembe lilikuwa linalia. Nilipofika sentimita 30 nikajifuta jasho, nikajiambia: udongo mgumu hivi una haja gani ya shimo refu?

Siku hiyo akapita jirani yetu, mzee, fundi seremala wa siku nyingi. Akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja. Mwanzoni nilidhani shingo inamuuma.

"Kijana wangu," akasema, "umetumia pimamaji?"

"Nimepima sana, mzee wangu. Lita 1,000 kamili."

Akanitazama. Akautazama mnara. Akanitazama tena.

"Haya," akasema, akaenda zake.

Ninyi mnaozijua "haya" mtakubaliana nami kwamba zipo nyingi. Ipo ya kukubali, ipo ya kuaga, na ipo ile inayotamkwa na fundi anapoamua kwamba dunia itakufundisha yenyewe. Mimi niliisikia kama ya kukubali.

Mvua ikaja, na kwa kweli ilikuja na heshima zake. Maji ya mwanzo niliyaacha yamwagike, maana hayo ndiyo yanayoosha paa vumbi na kinyesi cha ndege. Hilo nililifanya sawasawa na ninaomba likumbukwe. Kisha nikaelekeza gata kwenye mapipa, nikasimama dirishani nikisikiliza maji yangu. Usiku huo huo mapipa yakajaa. Mvua, ambayo haikuwa na habari na hesabu zangu, ikaendelea siku tatu.

Nilikuwa nimefikiria maji yatakavyoingia. Yatakavyotoka yakizidi, sikuwa nimefikiria. Basi yakawa yanafurika juu, yanafuata ukingo wa jukwaa, yanateremka kwenye nguzo mbili za upande wa bafu na kuzama miguuni mwake. Ule udongo ulioliliza jembe ukawa laini kama sabuni yetu.

Siku ya nne mwanangu mdogo akaniambia, "Baba, mapipa yanatuchungulia."

Nikamwambia aache utundu. Dada yake akarusha mpira juu ya jukwaa, ukatulia kidogo, kisha ukabingirika wenyewe hadi ukingoni, ukaanguka bafuni. Akaurusha tena. Ule ule. Walicheza hivyo karibu saa nzima. Mimi nilikuwa nawatazama nikifurahi kwamba watoto wamepata mchezo usiohitaji umeme.

Sasa, baba mkwe akaja kutembea.

Baba mkwe ni mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache ni "hm". Nilimzungusha shambani. Mbolea: hm. Kuku: hm. Nikasema huyu dawa yake ni bomba la mvua. Nikamkabidhi taulo na sabuni (ya kununua), nikamfungulia koki, nikasogea pembeni kwa adabu. Kukawa kimya. Kisha, ndugu zangu, mzee akaanza kuimba. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumsikia akiimba. Mke wangu alitoka jikoni, tukatazamana. Kama ningebaki pale pale nimesimama, hadithi ingeishia hapo na ningekuwa mkwe kipenzi hadi leo.

Lakini maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo, nami nikataka mzee ayapate ya kutosha. Koki kubwa iko juu, kwenye pipa la pembeni. Nikachukua ngazi, nikapanda.

Nina kilo 74.

Mnara haukuvunjika. Ningependa hilo lieleweke. Uliinama polepole, kama mtu mzima anayeokota kitu. Nilipata muda wa kusema "eh", na wa kudaka gata. Mapipa, kwa kuwa niliyaunganisha vizuri, yalifuatana kama mabehewa ya treni, yakatua juu ya lundo la mboji nje ya bafu. Maji ndiyo yaliyopita bafuni. Karatasi ya bati ya upande wa bustani ilifunguka kama mlango, na mzee akatoka nayo, ameketi kwenye kigoda, sabuni machoni, wimbo ungali mdomoni. Alivuka matuta mawili ya mchicha. Alisimama kwenye la tatu.

Mimi nikiwa nang'ang'ania gata nikagundua kwamba gata nililipigilia kwa ajili ya maji, si kwa ajili ya kilo 74. Likang'oka msumari mmoja mmoja, tak, tak, tak, likanishusha taratibu hadi ubavuni mwa baba mkwe. Uso kwa uso. Yeye ana povu, mimi nina gata. Nikakosa la kusema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, huku akipapasa kutafuta taulo. Kisha baada ya kimya kirefu: "Haya maji yako huwa yanakuja yote kwa pamoja?"

Pipa moja lilibingirika hadi mlangoni kwa jirani. Ndilo lililomwita. Fundi alikuja akilisukuma kwa mguu, mkono mmoja mfukoni, akakuta mke wangu anamfunika baba yake shuka na watoto wanaomba turudie.

Alizunguka mabaki kama daktari. Akaingiza kidole kwenye mashimo ya nguzo, kidole kikatosha. Akaonyesha njia ya maji yaliyofurika. Akauliza mbao za mshazari ziko wapi, zile zinazozuia mraba usilale. Nikamwambia niliona zinaharibu sura ya mnara. "Lita 1 ina kilo 1," akasema. "Uliweka tani nzima kichwani mwa nguzo nne, halafu ukazimwagia maji miguuni." Baba mkwe, ndani ya shuka, akasema: "Hm."

Ndipo fundi akautoa mkono mfukoni. Alikuwa ameshika kijibao kifupi chenye kimrija cha kioo katikati, na ndani ya kimrija kiputo cha hewa. "Hii ndiyo pimamaji," akasema, kwa sauti ya kumfundisha mtoto. Akainama, akaiweka juu ya jukwaa lililolala chali matopeni. Sote tukainama kutazama. Kiputo kikatetemeka, kikasogea, kikatulia katikati kabisa.

"Aa," akasema fundi. "Sasa ndiyo umekaa sawa."