Yabisi ya nyonga haiponi kwa sindano

Kuna makala inayosema mbwa mwenye yabisi ya nyonga (maumivu ya kiungo cha nyonga kilicholika) "hupona" kwa akupancha, yaani tiba ya kuchoma sindano nyembamba mwilini bila dawa. Haponi. Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ikishalika hairudi. Kinachoweza kupungua ni maumivu, na hata hapo ushahidi bado mwembamba. Kwanza daktari wa mifugo ampige eksirei, maana anayechechemea huenda ana uvimbe kwenye mfupa.

Sindano zenyewe ni nyembamba, kama milimita 0.20 hadi 0.25, na hutupwa zikishatumika mara moja. Kwa mbwa hukaa dakika 15 hadi 20. Paka wengi hata 10 hawafikishi. Kawaida ni mara moja kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Pasipokuwa na nafuu, acheni. Sindano ikikwama ujue msuli umekaza: isivutwe kwa nguvu, ingojewe ulegee. Na zihesabiwe wakati wa kuchomoa, maana mbwa akijigeuza kujilamba anaweza kumeza iliyosahaulika. Asichomwe mnyama ambaye damu yake haigandi vizuri, wala mahali penye kidonda au uvimbe.

Dawa ya maumivu isikatwe ghafla eti kwa sababu ameanza sindano. Na jamani, panadol kwa paka ni sumu, hata nusu kidonge.