Vidonge vya marehemu

Jumapili nimefika kwa khalati yangu Majengo, Mombasa, nikamkuta uani amekalia mbuzi, anakuna nazi kwa mkono unaotetemeka. Jasho limemgandisha dera mgongoni, na maneno yanamtoka kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Ni joto tu, mwanangu." Joto gani Julai hii, katikati ya kusi?

Ndipo nilipoona, karibu na sinia, kipande cha tishu na ndani yake vidonge vilivyokatwa nusu nusu.

Kisa chenyewe: Jumamosi alipita kwenye hema la kupima sukari ya damu bure, akadungwa kidole saa tano asubuhi, mashine ikasoma 13.8. Kijana akamwambia, "Mama, nenda maabara kabla hujala kitu." Basi. Kufika magharibi mtaa mzima ulikuwa na shahada ya udaktari. Jirani akaleta dawa za mumewe marehemu. "Naye alikuwa na sukari." Kweli alikuwa nayo. Na sasa ni marehemu, Bibi, hilo halikukutia wasiwasi?

Zilikuwa glibenklamaidi. Dawa hii hulilazimisha kongosho kutoa insulini, inayoshusha sukari, uwe umekula au hukula. Na khalati, kwa hofu ya ile 13.8, tangu jana hakutia kitu kinywani ila chai mkandaa kavu. Kwa hiyo mtu aliyeogopa sukari kupanda alikuwa pale uani inamporomoka. Tukamkorogea vijiko vitatu vya sukari, ile ile aliyokwisha kuifungia kabatini, na baada ya robo saa akaniuliza kwa nini mpaka leo sijaoa. Nikajua karudi. Tukamlisha, tukampeleka hospitali akalala huko, maana dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari ingeweza kushuka tena usiku.

Msiniambie "angepewa metformini basi," ile dawa nyingine ya kisukari. Ni kweli, ikitumiwa peke yake ni nadra kuangusha sukari. Lakini mwenye figo mbovu hapewi hivi hivi, na figo za khalati alizipima nani? Jirani?

Haya, nakubali jambo moja, shingo upande: jirani alibisha hodi siku ile ile, kwa huruma, nasi wana tulikuwa tunatuma emoji za dua kwenye grupu. Na maabara ni pesa na foleni. Lakini huruma haipimi damu.

Kipimo kimoja cha kidole hakimhukumu mtu kuwa na kisukari. Maabara huangalia sukari ya 7.0 (milimoli kwa lita) kwenda juu kabla ya kula, au HbA1c, kipimo cha sukari iliyonata kwenye damu, ya 6.5 kwa mia kwenda juu, na kama huna dalili kipimo hurudiwa. Wale wanaojinyima siku tatu ili wapate namba nzuri, HbA1c inabeba kumbukumbu ya miezi miwili mitatu. Na biriani ya harusi ya mwezi jana imo.

Huku ukingoja, kula, ila punguza. Mtu anaacha sukari kwenye chai, anatembea kifua mbele, kisha anateremsha mahamri matano. Unga mweupe ni sukari iliyovaa buibui! Mbaazi msizilaumu, hazina kosa. Dafu lina sukari, asali ni sukari. Kiu ikatwe na maji.

Muarobaini? Ati uchungu unakata utamu. Kwa hesabu hiyo mwenye presha tumpe halua, ikate chumvi.

Ila mtu akianza kutapika, akahema haraka haraka, au akachanganyikiwa, hapo hakuna cha kungoja Jumatatu. Tafuteni gari usiku huo huo.

Wiki iliyofuata majibu ya maabara yakatoka: 8.4 kabla ya kula, HbA1c 7.6. Kisukari anacho. Sasa ana vidonge vyake, vyenye jina lake, na jioni tunatembea naye polepole hadi Lighthouse, akilaani kila muuza mihogo tunayempita.

Jana magharibi hodi ikapigwa. Jirani.

"Zile dawa zangu mliziweka wapi? Kuna shemeji yangu Kisauni kapimwa leo, kumi na sita."