Krimu Ipi Sasa?

Jamani, nani aliyesema krimu ni rangi? Krimu ni ugomvi. Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa, Mbeya, omba krimu, muuzaji anakuuliza "ipi?" kisha anakufunulia kadi yenye vijirangi vinavyofanana kama vifaranga. Kadi imeandika Magnolia, muuzaji anaiita krimu, fundi anaiita nyeupe iliyochafuka, mama watoto anaiita "ile ya kwa dada". Wote wanne wanazungumzia kopo moja!

Na hicho kijirangi chenyewe ukubwa wake kama stempu. Kikipanda ukutani, kikatazamana na wenzake wa kuta tatu, kinakolea. Umependa cha tatu? Chukua cha pili, kilichopauka kidogo. Tena rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi, ikikauka inaongeza giza, kwa hiyo usimgombeze fundi mapema. Subiri ikauke, ndipo umgombeze vizuri.

Kinachokera zaidi ni kile kilichojificha ndani. Ipo krimu yenye njano, yenye waridi, yenye ukijani, yenye kijivu, na dukani zote zinajifanya malaika. Ziweke juu ya karatasi nyeupe pe, zitaumbuana zenyewe. Ya waridi huishia kuwa rangi ya plasta ya kidonda. Ya kijivu, kwa Mbeya hii, achana nayo: asubuhi ya Julai ukungu umetanda hadi mlangoni, sebule yako inafanana na lipu ambayo haijaguswa. Tafuta yenye njano na kahawia kwa mbali, kama chai ya maziwa ya nyumba isiyobania maziwa.

Umeshapata? Bado. Juni na Julai huku kwetu jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo chumba chenye dirisha la kusini hakilioni msimu wote wa baridi. Hicho ndicho kipewe krimu yenye njano zaidi. Cha kaskazini ukikiongezea njano unapata ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Wa Tukuyu nao wana migomba hadi dirishani. Mwanga unaingia ndani umeshakuwa wa kijani, na krimu yenye ukijani hapo inakuwa maji ya mchicha. Mwenye sakafu nyekundu, sehemu ya chini ya ukuta itapata wekundu bila kulipia. Halafu usiku unawasha ile balbu nyeupe ya dukani, krimu yote inapauka kama imesikia habari mbaya. Badilisha balbu kwanza, ya mwanga wa njano, ndipo uitukane rangi.

Dawa ni kipande cha silingibodi, nusu mita kwa nusu mita. Kipake koti mbili, yaani mara mbili, acha ukingo mweupe, kizungushe ukuta kwa ukuta: asubuhi, mchana, na saa mbili usiku. Watu hawataki. Wanapaka kiraka juu ya bluu ya zamani, bluu inaichafulia mwenzake jina, wanarudi dukani kununuliana maneno.

Sasa hesabu. Chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 3, kuta zake ni mita za mraba 45. Toa mlango na dirisha, zibaki 41. Lita moja kwenye ukuta laini hufunika kama mita za mraba 10 kwa koti moja, kwa hiyo koti mbili ni lita 8 na kidogo. Hiyo "na kidogo" ndiyo inayoua! Mtu ananunua galoni mbili za lita 4, rangi inamwishia nyuma ya mlango, anarudi kuongeza, na kama ilichanganywa kwa staina (ile rangi nzito ya kutilia) na jicho la fundi, ya pili haitafanana na ya kwanza hata mkiapizana. Nunua galoni tatu, zimimine zote kwenye ndoo moja ya lita 20, koroga mpaka chini. Iliyochanganywa kwa mashine, omba namba yake iandikwe kwenye mfuniko, siyo kwenye risiti. Risiti itafungiwa maandazi.

Fundi naye ana mkono wa maji. Galoni ya lita 4 inatosha nusu lita ya maji au pungufu, yeye anamimina jagi, kisha anakuambia "bosi, rangi za siku hizi hazifuniki." Lipu mbichi nayo isipopewa angalau mwezi mmoja kukauka, na baridi hii iongeze, simenti inaitafuna krimu na kukuachia mabaka kama ramani. Na Julai asipake saa kumi na mbili alfajiri ili awahi kazi nyingine. Aanze saa nne, ukuta ukishapata joto, aache saa tisa. Atanuna. Anune tu, chai ipo. Ya maziwa, tena iweke karibu na ukuta mlinganishe.